Unataka friji ya safari? Ipime kwanza kwa njia ya Ngarama

KUNA wakati friji ya kubeba kwenye gari ilikuwa kitu cha watalii tu. Ungeiona Arusha, nyuma ya Land Cruiser iliyorefushwa, imejaa maji na soda za wageni wanaokwenda Serengeti. Siku hizi mambo yamebadilika. Mwenye Prado, Pajero au Hilux iliyotumika kutoka Japani naye anaulizia friji, na madukani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zipo za kila rangi na kila bei.

Tatizo ni kwamba nyingi zinafanana kwa nje. Boksi la plastiki, mfuniko, namba zinazowaka kwa buluu na waya wa kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara. Ndani yake, hata hivyo, zinafanya kazi kwa njia tatu tofauti kabisa, na mbili kati ya hizo sizishauri kwa safari ninayotaka kuizungumzia leo.

Mke wangu ni mtu wa Ngarama, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kwa msomaji wa Karagwe au Kyerwa hapo si mbali: unavuka mto Kagera pale Murongo, unaingia Kikagati, na lugha ya watu bado unaielewa. Kila mwaka wakati wa kiangazi tunakwenda ukweni. Tunafika kwanza Mbarara, tunalala siku mbili au tatu kwenye mahema katika hifadhi ya Ziwa Mburo, halafu ndipo tunateremka Ngarama.

Katika gari hilo tunakuwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ana kisukari cha kuchoma insulini kila siku tangu akiwa msichana. Dawa yake ya miezi kadhaa tunaichukua Mbarara na kuipitisha porini kabla haijafika nyumbani kwao. Kwa hiyo mtu akiniuliza friji gani inapoza bia vizuri, namjibu kwa adabu kwamba zote zinapoza bia. Mimi naangalia ile isiyoua insulini.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikipata joto kali inapungua nguvu polepole. Ikiganda imekwisha, hata kama ukiiacha iyeyuke na ukaitazama ukaiona ni ile ile. Watu wengi wanaogopa joto na kusahau baridi, ndiyo maana unamkuta mtu amefunga chupa za dawa pamoja na mapande ya barafu akidhani anazitendea wema.

Wale wanaochanja watoto wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi wenye magari. Chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B nazo huharibika zikiganda. Kwa sababu hiyo mhudumu wa chanjo aliyefundishwa hachukui pakiti ya barafu kutoka kwenye friza akaitia moja kwa moja kwenye boksi lake. Anaiacha nje kwanza itoe jasho, kisha anaitikisa karibu na sikio. Akisikia barafu inagonga ndani ya maji, hapo ndipo anaipanga. Somo hilo ni la bure na linafaa kwa yeyote mwenye deli.

Tuanze na aina ya kwanza, ile ya bei nafuu inayouzwa kwa wingi. Haina kompresa wala gesi. Inatumia ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834, kwamba umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Feni inapeperusha ule moto, basi. Ni nyepesi, haina kelele nyingi, na muuzaji atakuambia inapoza na kupasha chakula pia, jambo ambalo ni kweli.

Asichokuambia ni kwamba inashusha joto kwa nyuzi 18 hadi 20 hivi chini ya joto la mahali ilipo. Fanya hesabu. Gari limeegeshwa juani mchana mbele ya soko la Nakivale, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, ndani kuna nyuzi 45. Ukitoa 20 inabaki 25. Hiyo si friji, ni kivuli. Na wakati wote huo inakula wati 40 au 50 bila kupumzika, maana haifikii kamwe kiwango cha kuzima. Kwa safari ya mji hadi mji na soda mbili tatu, nunua. Kwa dawa, achana nayo.

Ya pili ni ile ya joto linalozaa baridi, ambayo wazee wanaikumbuka kwenye zahanati za misheni ikiwaka kwa mafuta ya taa. Vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi. Leo zipo za kubebeka zinazotumia gesi ya kupikia, umeme wa gari au wa nyumbani. Zinapoza kweli na hazipigi kelele hata kidogo. Lakini zinataka kukaa sawasawa kama maji ya bakuli, na moto wa gesi hauwashwi gari likitembea. Mwenye kambi ya kudumu ataipenda. Sisi tunaohama kila kukicha, hapana.

Inabaki ya kompresa. Hii ni friji hasa, sawa na ya nyumbani, ila imetengenezwa kufanya kazi kwa volti 12 au 24 na kuvumilia kuinama na kurushwa. Inaweza kushuka hadi kuganda hata nje kukiwa na nyuzi 40, na ikifikia kiwango ulichoweka inazima yenyewe na kupumzika. Humo ndimo umeme unamookolewa.

Majina ni mengi. Engel ya Japani ina mtambo wake wa aina ya peke yake wenye sehemu chache sana zinazotembea, na unaziona za miaka mingi zikiendelea kufanya kazi. National Luna na SnoMaster ni za Afrika Kusini, ARB ni ya Australia, Dometic ni ya Sweden. Nyingi kati ya zile za zamani zilikuwa na kompresa ya Danfoss, kampuni ya Denmark, ambayo tangu mwaka 2010 biashara yake hiyo iliuzwa na sasa kompresa zinatoka kwa jina la Secop. Halafu kuna za Kichina kama Alpicool na BougeRV, ambazo bei yake huko zinakouzwa ni theluthi ya wakubwa hao au chini ya hapo, kabla hujalipa usafiri na ushuru.

Je, za Kichina ni mbaya? Sikubaliani na wanaosema hivyo kwa mkato. Nimeziona zikifanya kazi vizuri. Tofauti utaikuta kwenye unene wa kuta, bawaba, mpira wa mfuniko na, la muhimu zaidi, kama kuna mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Muulize muuzaji kompresa ni ya nani na kile kidude cha umeme kinachoiendesha kinapatikana peke yake au la. Akianza kukuonyesha taa za rangi na simu inavyoiamrisha friji kutoka mbali, ujue swali lako hana jibu lake.

Hapa nitoe sifa kwa Mbarara. Huu ni mji wa maziwa. Ng'ombe wa Ankole na wa kisasa wamezunguka kila upande, maziwa yanakusanywa na kupozwa kwenye matangi kabla ya kwenda viwandani, na palipo na matangi ya baridi hapakosi mafundi wa baridi. Kompresa ya kawaida yenye gesi ya kawaida hapo inapata daktari. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja kuhusu friji yenye mtambo asiouzoea, akacheka akasema, "Hiyo, ssebo, mrudishie aliyekuuzia."

Umeme ndio mtihani

Watu wanapoteza wiki nzima kulinganisha friji, kisha wanaichomeka kwenye tundu la sigara na kulalamika. Rafiki yangu mmoja friji yake ilikuwa ikizima kila baada ya dakika chache, hasa usiku. Alitaka kuirudisha dukani. Tulimpeleka kwa fundi wa umeme wa magari. Mzee wa watu wala hakuigusa friji. Alivuta waya kutoka nyuma ya gari, akaushika kwa vidole viwili, akasema, "Mzee, friji haina neno. Huu ni uzi wa kushonea."

Alikuwa sahihi kabisa. Kutoka betri ya mbele hadi sehemu ya mizigo ni mita 6 hivi, kwenda na kurudi 12. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba ukibeba ampea 5 kwa urefu huo unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Betri ina volti 12.2, friji inaona 11.5 na kudhani betri inakufa, basi inajizima ili kuilinda. Waya wa milimita 6 unapoteza chini ya volti 0.2. Weka huo, weka fyuzi karibu na betri, na badala ya plagi ya sigara, ambayo mtikisiko wa murram huichomoa, tumia plagi inayoshikana.

Kujizima huko kuna viwango vitatu kwenye friji nyingi: chini, kati na juu. Ukiwa unatumia betri ile ile ya kuwashia gari, weka juu. Friji itakata mapema na asubuhi gari litawaka. Ziwa Mburo usiku viboko wanatoka majini kula majani mpaka karibu na mahema ya Rwonyo, na hakuna anayependa kusukuma gari katikati yao.

Sasa hesabu ya siku nzima. Friji ya lita 40 ikiwa inafanya kazi inavuta wati 45 hivi. Ikiwa imejaa vitu vilivyokwisha poa na ipo kivulini, inafanya kazi kama theluthi moja ya muda. Hiyo ni wati 15 kwa wastani, sawa na wati-saa 360 kwa siku, au ampea-saa 30 kwenye betri ya volti 12. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo inazeeka haraka. Kwa hiyo una siku moja na kidogo hivi ya kukaa bila kuwasha gari. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakupa karibu siku tatu, lakini bei yake inaweza kuizidi friji yenyewe.

Kwa wanaokaa mahali pamoja usiku zaidi ya mmoja, ninashauri betri ya pili iliyotengwa na ile ya kuwashia, pamoja na paneli ya sola ya wati 100. Kwa jua letu la karibu na ikweta, paneli hiyo inarudisha takriban kile friji inachokula kwa siku, mradi usiifunike kwa mwembe. Ukiendesha kila siku saa mbili tatu, alteneta inatosha na sola haina haja.

Jambo jingine dogo. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za Japani zina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, sawa na Fuso. Friji nyingi za kompresa zinakubali zote mbili, zile za Peltier mara nyingi hazikubali. Fungua boneti utazame kabla ya kuchomeka chochote.

Ndani ya friji kuna majira tofauti

Namba inayoonekana kwenye kioo ni joto la sehemu moja tu, pale kilipo kipima joto chake. Ukiandika 4, chini kabisa na kwenye kuta kompresa ikiwa inavuma panaweza kuwa chini ya sifuri, na juu karibu na mfuniko pakawa 9. Kwa nyama na maziwa hilo halidhuru. Kwa insulini linadhuru.

Sisi tunafanya hivi. Friji inawekwa nyuzi 5. Chini tunapanga chupa za maji na nyama. Insulini inakuwa kwenye kikasha cha plastiki chenye mfuniko, imezungushiwa taulo kavu, juu kabisa ya kikapu, upande ule ulioinuka juu ya kompresa ambako hakugusani na ukuta wa baridi. Ndani ya kikasha kuna kipima joto kidogo kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini kilichofikiwa. Ni kitu cha bei ndogo, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko namba zote za buluu zilizo nje. Shemeji ndiye mwenye funguo ya kikasha, na kila asubuhi anatusomea namba mbili kabla ya chai.

Aidha, usiwashe friji ya moto siku ya safari. Usiku wa kuamkia safari ichomeke nyumbani kwenye umeme wa kawaida pamoja na vitu vyake vyote, ili betri ipewe kazi ya kulinda baridi tu. Na usiibanie pumzi. Matundu ya pembeni yanatoa joto, ukiyaegemezea mablanketi unaipikia friji uji wake mwenyewe. Vumbi jekundu la Isingiro linaziba matundu hayo kwa siku mbili, kwa hiyo brashi ya rangi iwe garini.

Kwa wale wasio na uwezo wa friji, msikate tamaa. Deli nzuri la kuta nene linafanya kazi kubwa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la takriban wati-saa 93. Deli la lita 40 linalovujisha wati 20 hivi linaishi siku nzima kwa kilo 5. Kwa anayepiga kambi mara moja kwa mwaka, sioni kwa nini anunue friji. Ila insulini ndani ya deli isigusane na barafu, na maji ya kuyeyuka yasiifikie.

Na kwa dawa peke yake, kuna habari njema. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kuipima insulini kwa joto lile lile la nyumba za wakimbizi Dagahaley, katika kambi za Dadaab nchini Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki nne ilikuwa na nguvu sawa na iliyowekwa kwenye baridi. Maana yake chupa inayotumika sasa haihitaji friji ili mgonjwa aishi vizuri mwezi mmoja. Chungu cha udongo chenye maji au kifuko cha kitambaa kilicholowa kinatosha. Akiba ya miezi ijayo, na gari linaloegeshwa juani, ni hesabu nyingine. Kila mtu amsikilize pia daktari wake, kwani aina za insulini hazilingani.

Habari hiyo ina uzito zaidi ukishafika Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi, jirani na Ngarama, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa ya zamani zaidi Afrika. Wapo watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili kinachosikika sokoni ni cha Bukavu na Bujumbura zaidi kuliko cha Tanga. Wengi wao ugonjwa wa sukari wanauendesha bila friji yoyote, ya gari wala ya nyumbani.

Pale ufukweni mwa ziwa Nakivale tunanunua sato, ambaye hapo anaitwa ngege. Mama mmoja Mkongomani anayeuza samaki aliitazama friji yetu muda mrefu, akaweka kiganja ndani, akauliza, "Papa, sanduku hii inashinda barafu?"

"Inashinda, mama," nikamjibu, "ila inakula betri."

"Barafu inakula mfuko," akasema. Barafu yake inatoka mjini asubuhi, na ikichelewa anawauza samaki kwa bei ya hasara au anawakausha. Alitaka kujua kama lita 40 zingebeba samaki wake wote. Hazibebi hata robo. Kwa kazi yake nilimwambia ukweli kwamba deli kubwa lenye kuta nene lingemfaa kuliko friji, na tulikaa tukihesabu kilo za barafu kwenye mchanga mpaka mke wangu akaniita.

Samaki nao wana kanuni yao garini. Watolewe matumbo, wakaushwe kwa kitambaa, wafungwe mara mbili kwenye plastiki na kuwekwa chini kabisa. Harufu ya samaki ikiingia kwenye mpira wa mfuniko utasafiri nayo hadi Krismasi.

Ukubwa? Kwa familia ya watu wanne au watano, lita 35 hadi 45. Za lita 60 na zaidi zinavutia dukani, lakini ikijaa inahitaji wanaume wawili kuishusha, na ikiwa nusu tupu unapoza hewa. Zile zenye vyumba viwili, kimoja friji kingine friza, ni nzuri kwa wapishi wa safari za wageni. Kabla ya kununua pima kwa futi nafasi ya nyuma ya kiti, pamoja na urefu wa mfuniko ukiwa umefunguliwa. Kisha ifunge kwa mikanda kwenye ringi za chuma za sakafu, maana kilo 40 zikiruka kwenye shimo la barabara ya Ngarama hazichagui pa kuangukia.

Ukirudi kwa Kikagati na friji iliyonunuliwa Mbarara, iwe na risiti yake. Insulini na sindano ziambatane na barua ya hospitali yenye jina la mgonjwa, na umwombe ofisa asiuache mfuniko wazi huku akiisoma.